Mwoga Mwenye Bastola: Filamu ya Gharama Ndogo Hujengwaje Juu ya Mchekeshaji wa Runinga?

Swali: Msomaji mmoja wa Dodoma, anayejifunza uandishi wa filamu pamoja na wenzake, anauliza hivi: "Mwalimu, shikamoo. Tumeitazama filamu ya zamani ya Kimarekani iitwayo The Shakiest Gun in the West, ya mwaka 1968, tukacheka sana ingawa yule mwigizaji hatukuwahi kumjua. Tumeambiwa kwamba alikuwa mtu wa runinga na kwamba filamu ilitengenezwa kwa fedha kidogo. Sisi pia tunaye mchekeshaji anayefahamika kwenye runinga, na fedha zetu ni chache. Je, filamu ya namna hiyo hujengwaje? Kwa nini walichagua mambo ya makauboi? Na sisi tukivaa kofia pana tukapiga picha katika nyanda kavu za huku kwetu, si itawezekana?"

Jibu: Marahaba. Mmechagua mfano mzuri, kwa sababu filamu hiyo haina ukubwa wa kuwatisha wala ubovu wa kuwafanya mdhani kwamba kila mtu anaweza kuitengeneza. Nikijibu kwa kifupi, filamu ile iliwezekana kwa fedha kidogo kwa sababu karibu kila kitu cha ghali ndani yake kilikuwa kimekwisha kulipiwa na runinga kabla mswada haujaandikwa. Mkilishika hilo, swali lenu kuhusu kofia pana litajijibu lenyewe, na jibu lake halitawafurahisha sana.

Tuanze na mtu mwenyewe. Don Knotts alizaliwa mwaka 1924 katika mji wa Morgantown, jimbo la West Virginia. Baada ya kutumika jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili, katika kikundi cha kuwaburudisha askari, alipitia redio na jukwaa, na mwaka 1955 akaigiza New York katika tamthilia ya No Time for Sergeants pamoja na Andy Griffith. Muda mfupi baadaye alianza kuonekana katika kipindi cha Steve Allen, ambako kazi yake ilikuwa kuigiza mpita njia anayehojiwa barabarani huku akitetemeka mwili mzima na kukana kabisa kwamba ana wasiwasi. Mtu huyo mwenye hofu anayejikaza aonekane shujaa ndiye aliyekuja kumlisha Knotts maisha yake yote. Mwaka 1960 ulipoanza mfululizo wa The Andy Griffith Show alipewa nafasi ya Barney Fife, naibu sherifu wa mji mdogo wa kubuni uitwao Mayberry, ambaye mkubwa wake alimruhusu kuwa na risasi moja tu, na hiyo nayo ikae katika mfuko wa shati, si ndani ya bastola. Kwa nafasi hiyo Knotts alipata tuzo tano za Emmy, yaani tuzo za runinga za Marekani: tatu kwa miaka aliyokuwa mwigizaji wa kudumu, na mbili kwa kurudi baadaye kama mgeni.

Itazameni hiyo risasi ya mfukoni kwa jicho la waandishi, maana ndani yake mna filamu nzima. Mtu amevaa sare, ana beji, ana mkanda wa bastola, naye anaamini kwa moyo wote kwamba yeye ndiye mlinzi wa sheria. Lakini kila aliye karibu naye anajua kwamba akipewa risasi ya pili atajipiga mguuni. Kwa miaka mitano mamilioni ya Wamarekani walimwona mtu huyo kila juma, bila kulipa, wakiwa wamekaa sebuleni kwao. Alipokuja kwenye sinema hakuhitaji kutambulishwa. Filamu ya kawaida ya vichekesho hutumia dakika 20 au zaidi kumfanya mtazamaji amjue mhusika, ampende, na aanze kutazamia kosa lake la kesho. Knotts aliingia mlangoni na kazi hiyo ikiwa imekwisha. Kumeza mate kwake tu kulitosha watu waanze kucheka, kwa sababu walijua kinachofuata.

Mwaka 1965 Knotts aliondoka kwenye mfululizo ule, akiwa ameamini kwamba Griffith angeufunga baada ya msimu wa tano, akatia saini mkataba wa filamu na kampuni ya Universal. Zilizofuata ni filamu tano: The Ghost and Mr. Chicken ya 1966, The Reluctant Astronaut ya 1967, hii yenu ya 1968, kisha The Love God? ya 1969 na How to Frame a Figg ya 1971. Tazameni mpango wake: mwoga ndani ya nyumba yenye mzimu, mwoga katika safari ya anga, mwoga katika nchi ya makauboi. Mtu ni yuleyule, anahamishwa tu kutoka mahali pamoja pa kutisha hadi pengine. Hata waliomzunguka walitoka runingani. Filamu yenu iliongozwa na Alan Rafkin, aliyekuwa ameongoza sehemu nyingi za mfululizo wa Griffith, na iliandikwa na Jim Fritzell na Everett Greenbaum, ambao walikuwa wamemwandikia Barney Fife na waliijua pumzi ya Knotts hadi mahali pa kuweka koma. Mtayarishaji, Edward Montagne, alitoka katika vichekesho vya kijeshi vya runinga, na muziki ni wa Vic Mizzy, aliyetunga wimbo wa utangulizi wa The Addams Family. Watu waliozoea kumaliza kazi kila juma hawakai miezi sita wakibishana juu ya taa. Ile filamu ya kwanza, ya nyumba yenye mzimu, ilipigwa picha kwa siku 17.

Sasa kuhusu makauboi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 runinga ya Marekani ilikuwa imejaa bastola na farasi. Mwaka 1959 zilikuwapo zaidi ya tamthilia 25 za namna hiyo katika saa za jioni pekee. Kampuni ya MCA, iliyokuja kuimiliki Universal mwaka 1962, ilikuwa kiwanda kikubwa cha tamthilia hizo. Wagon Train, iliyoanza 1957 na kwisha 1965, ilikuwa mali yake. The Virginian, iliyoanza 1962, ilijaza nafasi ya dakika 90 kila juma, na kwa rangi. Maana yake ni kwamba katika viwanja vya Universal kulikuwa na mitaa mizima ya mbao yenye baa, benki, jela na zizi. Yalikuwapo magari ya kukokotwa na farasi, maghala ya maleba, wafunza farasi, na watu ambao ajira yao ilikuwa kuanguka kutoka juu ya farasi bila kuvunjika shingo. Kiwanda kinachotoa kitu chenye urefu wa filamu kila juma hakioni shida kutoa kingine kimoja chenye mchekeshaji katikati. Nadhani hii ndiyo sababu kubwa ya kofia zile pana kuliko mapenzi yoyote ya kisanaa.

Jambo moja la kiufundi linafaa kutajwa hapa, kwa kuwa wanafunzi wengi hulipita. Universal ilipoanza mfululizo huu na The Ghost and Mr. Chicken ilitumia mfumo wa Techniscope, uliobuniwa Italia mwanzoni mwa miaka ya 1960. Katika ukanda wa kawaida wa milimita 35 kila picha hukaa kwenye urefu wa matundu manne ya pembeni. Katika Techniscope picha hukaa kwenye matundu mawili tu. Hivyo ukanda uleule hutoa picha mara mbili, na kila picha huwa pana kwa umbo bila kuhitaji lenzi maalumu za bei ghali. Sergio Leone aliutumia mfumo huohuo kwa filamu zake za makauboi. Upungufu wake ni chembechembe zinazoonekana zaidi zikikuzwa ukutani, lakini kwa mchekeshaji ambaye hadi wakati ule alikuwa akitazamwa kila juma kwenye kisanduku kidogo tena kwa nyeusi na nyeupe, maana misimu yake yote mitano katika mfululizo wa Griffith haikuwa na rangi, upana ule na rangi zile zilikuwa sababu ya kutosha ya mtu kukata tiketi. Daima jiulizeni swali hili kabla ya jingine lolote: mtazamaji anayemwona mchekeshaji wenu bure nyumbani atapata nini ukumbini asichokipata kwenye kochi lake?

Hadithi nayo ilitoka ghalani. Mwaka 1948 kampuni ya Paramount ilikuwa imetoa The Paleface, iliyoongozwa na Norman Z. McLeod, ambamo Bob Hope ni daktari wa meno mwoga na Jane Russell ni Calamity Jane, mwanamke hodari wa bastola anayemwoa daktari huyo, kama tunavyoweza kusema kwa utani, ili ajifiche nyuma ya ndoa wakati anawasaka wauza silaha. Mwaka 1958 MCA ilinunua kutoka Paramount haki za filamu takriban 700 za kabla ya 1950 ili kuziuza kwa vituo vya runinga, na The Paleface ilikuwa miongoni mwa hizo. Majina ya Edmund Hartmann na Frank Tashlin, walioandika mswada ule wa 1948, yamewekwa katika filamu ya Knotts pia. Hivyo Fritzell na Greenbaum hawakuanza na karatasi tupu. Walipewa mifupa iliyokwisha kutembea mara moja, wakatakiwa kuivisha mwili mwingine.

Kwa ajili ya wasomaji ambao hawajaiona, kisa ni hiki. Mwaka 1870 Jesse Haywood anahitimu udaktari wa meno mjini Philadelphia, baada ya kupigana mieleka na mgonjwa asiyetaka kufumbua kinywa, kisha anaelekea Magharibi akiwa na imani kwamba nchi ile inaangamia kwa kutojua usafi wa meno. Penelope Cushings, jambazi wa kike aliyekamatwa, anaahidiwa msamaha iwapo atawafichua wanaouza bunduki kwa magendo kwa wenyeji wa asili. Ajenti aliyepaswa kujifanya mumewe anauawa, naye anahitaji mume haraka ili ajiunge na msafara bila kushukiwa; anampata Haywood, ambaye hajawahi kutazamwa na mwanamke mzuri kiasi hicho na hana nafasi ya kufikiri. Msafara unashambuliwa, Penelope anafyatua risasi akiwa amejificha, maadui wanaanguka, na Haywood anadhani ni yeye. Kuanzia hapo anakuwa Doc Haywood, muuaji wa kuogopwa, anayetembea mjini kwa madaha ya mtu aliyesahau kwamba jana alikuwa akitetemeka.

Hebu tukikaribie hicho kisa cha shambulio. Bunduki ipo mikononi mwa Haywood lakini ni kama inamshika yeye. Macho yamemtoka, koo inapanda na kushuka, mabega yamekunjamana hadi karibu na masikio. Anafyatua hovyo, mtu anaanguka kule mbali, uso wake unabadilika kutoka hofu hadi mshangao, na kutoka mshangao hadi kitu cha hatari zaidi, yaani kujiamini. Mtazamaji anajua nani amepiga. Haywood hajui. Kichekesho chote kimo katika pengo hilo, na pengo hilo halina gharama: halihitaji farasi 200 wala daraja la kulipuliwa, linahitaji uso mmoja unaoweza kupita hatua tatu za moyo bila neno. Ndiyo maana nasema uso wa Knotts ulikuwa sehemu kubwa ya bajeti. Pale ambapo filamu kubwa ingemwonesha mtazamaji vita, hii inamwonesha mtu anayevitazama vita, na watu wakaridhika.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na filamu za makauboi ndizo zilizoupinga msemo huo kwa bidii kuliko aina nyingine yoyote ya sinema, kwa kuwa ndani yake stelingi haogopi, hababaiki, na mkono wake hautikisiki. Kanuni hizo mtazamaji wa 1968 alizijua kwa moyo: pambano la bastola katika barabara kuu, ukimya baani mgeni anapoingia, mwanamke dirishani. Haikuwapo haja ya kueleza lolote. Ilitosha kumtia mwoga pale ambapo jasiri alipaswa kusimama, kisha kuacha kila kitu kingine kama kilivyo. Makauboi waliwafaa kwa sababu ilikuwa aina ya filamu yenye kanuni ngumu kuliko zote, na kanuni ngumu huvunjika kwa kishindo.

Udaktari wa meno nao haukuwekwa ovyo. Kazi hiyo, kama ya bastola, inataka mkono uliotulia, na mtu anayetetemeka akiwa ameshika koleo ni kichekesho na kitisho kwa pamoja. Kwa anayeijua historia, utani unakuwa mtamu zaidi: mmoja wa watu mashuhuri wa bastola wa Magharibi halisi, John Henry Holliday, ambaye dunia inamjua kama Doc Holliday, alikuwa daktari wa meno kweli, aliyehitimu Philadelphia mwaka 1872, miaka tisa kabla ya mapambano mashuhuri ya bastola ya O.K. Corral mjini Tombstone. Alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu, na alikufa mwaka 1887 akiwa na miaka 36. Basi daktari wa meno kutoka Philadelphia mwenye sifa ya kuua si uzushi mtupu. Ni historia iliyopinduliwa kidogo tu.

Mkipata nafasi, itazameni The Paleface kisha mrudi kwenye filamu yenu, maana hakuna somo bora la uandishi kwa ajili ya mwigizaji fulani kuliko kuona mifupa ileile ikivaliwa na watu wawili tofauti. Mwoga wa Hope ni mjanja. Anajua kwamba ni mwoga, na mara kwa mara ni kana kwamba anamkonyeza mtazamaji kuwa wote tumo katika mchezo. Mwoga wa Knotts hamkonyezi mtu. Anaamini. Anapojivuna anajivuna kwa dhati, na anapogundua kwamba si yeye aliyepiga, aibu yake ni ya kweli, kiasi kwamba kwa dakika chache filamu inaacha kuchekesha na mtu anajikuta anamhurumia. Kwa ufundi wa mswada mimi ninaipa The Paleface alama za juu zaidi, tena ina wimbo wa Buttons and Bows uliopata tuzo ya Oscar. Lakini ile ya Knotts ina moyo mwema zaidi, na wema huo waandishi hawakuubuni. Waliukuta kwa Barney Fife wakauhamisha.

Jambo jingine ambalo nawasihi mliige ni namna wengine wote wanavyoigiza bila mzaha. Barbara Rhoades, aliyekuwa Penelope, haigizi kichekesho hata kidogo. Yeye ndiye stelingi wa kweli wa filamu ya makauboi: ana siri, ana kazi, ana shabaha, na ana umbo refu linalomfanya Knotts aonekane mdogo zaidi. Jackie Coogan, mtoto yule aliyesimama kando ya Chaplin mwaka 1921 na ambaye katikati ya miaka ya 1960 alikuwa akionekana runingani katika The Addams Family, ni mhalifu anayefanya uhalifu wake kama kazi nyingine yoyote. Kosa la filamu nyingi za wachekeshaji, na hili ninaliona huku kwetu pia, ni kumzunguka mchekeshaji mmoja kwa wachekeshaji kumi, kila mmoja akitafuta kicheko chake. Hapo hakuna tena anayeogopwa, na pasipo mtu wa kuogopwa mwoga hana kazi.

Nisiwafiche kasoro. Wenyeji wa asili wa Marekani katika filamu hii ni maadui wa kuangushwa, wanaoigizwa kwa kiasi kikubwa na watu wasio wa jamii hizo, na kile kisa ambamo Haywood anaingia kambini mwao akiwa amevalia kama mwanamke wa kabila lao kimezeeka vibaya. Hata watazamaji watakaokicheka wanapaswa kujua kwamba kinachodharauliwa pale ni watu halisi walionyang'anywa ardhi katika miaka hiyohiyo. Pia nusu ya pili inalegea. Baada ya Haywood kuujua ukweli, waandishi wanahitaji kumfanya awe shujaa kwa namna fulani, lakini hawawezi kumponya hofu kabisa kwa kuwa hofu ndiyo waliyoiuza. Matokeo yake ni ushindi wa nusunusu, na dakika 101 zinaanza kuhesabika.

Hapo ndipo penye gharama ambayo haikuandikwa katika bajeti yoyote. Uso uliolipiwa na runinga haubadiliki kwa urahisi. Mwaka uliofuata Universal ilijaribu kumtoa Knotts katika uwanja wa familia: katika The Love God?, iliyoandikwa na kuongozwa na Nat Hiken, yeye ni mhariri wa gazeti la ndege ambalo linanyakuliwa na kugeuzwa gazeti la picha za wanawake. Ukiitazama leo ni filamu yenye akili kuliko nyingine za mfululizo ule, lakini familia zilizompenda hazikuifuata, na vijana waliotaka mambo ya namna ile hawakumtaka yeye. Baada ya How to Frame a Figg mkataba ulikwisha. Alirudi kwa makauboi mwaka 1975 kupitia Disney, katika The Apple Dumpling Gang akiwa na Tim Conway, na mwaka 1979 akarudi nyumbani runingani kama mwenye nyumba wa Three's Company, akiwa bado na macho yaleyale.

Ipo njia nyingine, nitaitaja kwa ufupi. Mwaka 2001 Mjerumani Michael Herbig alitoa Der Schuh des Manitu, filamu ya kuchekesha ya makauboi iliyotokana na vichekesho vifupi vya kipindi chake cha runinga, Bullyparade. Haikukejeli makauboi wa Marekani moja kwa moja. Ilikejeli filamu za Kijerumani za miaka ya 1960 zilizotokana na riwaya za mwandishi Mjerumani Karl May, ambazo Wajerumani wa rika lake walikua nazo. Picha zilipigwa Almería, Hispania, kwa bajeti ya takriban mark milioni 9, na zaidi ya watu milioni 11 wakaenda kuitazama Ujerumani. Wamarekani hawangeielewa nusu ya mizaha yake, na hilo halikumdhuru hata kidogo, kwa sababu alichokichezea ni kumbukumbu ya watu wake mwenyewe.

Sasa narudi kwenye kofia zenu. Universal ilichagua makauboi kwa kuwa mtaa, farasi na maleba vilikuwa vimelala uani vikisubiri kazi. Kwenu ni kinyume chake. Farasi waliofunzwa kusimama mbele ya kamera mtawatafuta hadi mchoke, bastola hata za bandia zitahitaji maelezo mengi kwa polisi, na mtaa wa mbao mtalazimika kuujenga kwa fedha ambayo mmesema hamna. Halafu mtazamaji wenu anazijua kanuni za makauboi kwa kuzisikia tu, hajaziishi. Kitakachobaki ni mtu aliyevaa kofia, na hicho kinachekesha kwa dakika nne.

Tafuteni badala yake kitu chenye kanuni ngumu ambacho tayari kipo bure mbele ya kamera na ambacho watu wenu wanakijua kwa moyo. Mahakama ya mwanzo, kikao cha mahari, basi la mikoani la usiku, chumba cha mtihani, doria ya sungusungu: yote hayo yana stelingi wake anayetarajiwa, ana namna yake ya kusimama na kusema, na mavazi yake yanapatikana. Mtieni mchekeshaji wenu mahali hapo pa huyo stelingi. Kama kipaji chake ni uoga, mpeni kazi ya ulinzi. Kama ni ubahili, mpeni uweka hazina wa msiba. Kama ni uongo, mfanyeni mshenga. Doria ya usiku yenye kamanda anayeogopa giza iko karibu zaidi na filamu ya Knotts kuliko kofia yoyote mtakayoishona.

Kabla ya kuandika ukurasa wa kwanza, someni mkataba wa huyo mchekeshaji na kituo chake. Inawezekana jina la mhusika anayejulikana nalo, hata kauli yake maarufu, ni mali ya kituo, na mtu akatajirika kwa jasho lenu. Knotts hakuwa Barney Fife katika filamu yoyote ya Universal. Alikuwa Luther Heggs, kisha Roy Fleming, kisha Jesse Haywood, kisha Abner Peacock, kisha Hollis Figg, na mtazamaji hakuhitaji kuambiwa kwamba ni mtu mmoja. Mwili, sauti na hofu yake vilikuwa vyake, na hivyo ndivyo mnavyotakiwa kuviandikia. Herbig kwa upande wake aliwachukua wahusika wa kipindi chake kama walivyo, kwa kuwa kipindi kilikuwa kazi ya mikono yake. Mjue kwanza ninyi mko upande upi. Msisahau vilevile kibali cha Bodi ya Filamu, ambacho kinahitajika kwa filamu ndogo kama kinavyohitajika kwa kubwa.

Mswada ukikamilika, mpeni asome mtu asiyemjua kabisa mchekeshaji wenu, kama ninyi mlivyokuwa hamumjui Knotts. Mwacheni asome peke yake, bila kumweleza nani ataigiza, kisha mumwombe awasimulie kisa kwa mdomo. Akiweza kuwaambia mhusika anataka nini, anaogopa nini, na ni nani anayemdanganya, basi runinga itawasaidia kujaza ukumbi. Akianza kwa kuuliza "huyu anachekesha wapi?", rudini mezani, mtafute mlichokuwa mkitegemea uso ukifanye badala ya kukiandika.